Waliohesabiwa Bila Kutajwa: Riwaya za Zama za Kati za Kusoma

Novemba inaelekea kwisha na baridi ya milima ya kaskazini mwa Italia imeganda juu ya mawe. Wachunga nguruwe wa abasia wanakuja mbio kwa Abate, wanatweta, maneno hayatoki. Jana yake walichinja. Damu waliikinga kwenye pipa kubwa na kuikoroga isigande, maana damu ya nguruwe kule ni kitoweo cha majira ya baridi. Alfajiri hii wamekuta miguu miwili ya binadamu imechomoza juu ya pipa. Wanamvuta mtu yule, wanamwosha uso kwa maji. Ni mtawa, mfasiri wa Kigiriki, ambaye jana walikuwa naye mzima wa afya.

Hiyo ni siku ya pili katika riwaya ya Umberto Eco, *Il nome della rosa*, yaani Jina la Waridi, iliyochapishwa Italia mwaka 1980. William Weaver aliifasiri kwa Kiingereza mwaka 1983 kwa jina la *The Name of the Rose*. Nakala yangu niliinunua mtumba, kwenye meza ya vitabu kando ya barabara katikati ya Dar es Salaam, jalada limechakaa na mwenye nayo wa kwanza ameiandika penseli pembeni mpaka ukurasa wa arobaini, kisha penseli ikakoma. Na mimi nilikoma karibu na hapo. Mwaka uliofuata nikairudia, nikaimaliza kwa siku nne, na tangu hapo sijaacha kuwasumbua watu na riwaya za Zama za Kati.

Siku hizi wanaosumbua ni wao. Tangu tamthilia za majoka na viti vya enzi zijae kwenye simu za vijana, naulizwa mara kwa mara: kuna vitabu vya namna hii, ila vya kweli? Vipo, na vingi ni vibaya. Vina panga, farasi na mapenzi ya jumba la kifalme, na mtu aliyevaa joho akizungumza kama jirani yako wa leo. Mimi sihesabu panga. Nauliza riwaya imemfufua nani. Mwandishi wa tarehe wa zamani alikuwa na mlipaji wake, na mlipaji alikuwa mfalme, sultani au askofu, kwa hiyo habari aliyoiandika ilikuwa ya hao. Mpishi, mjakazi, mke wa mkulima na kijana wa kubeba mawe waliingia kitabuni kwa idadi tu, pamoja na ng'ombe na magunia. Riwaya ninayoipenda humwendea mtu wa namna hiyo ikakaa naye.

Tukubaliane kwanza juu ya miaka. Wanahistoria wa Ulaya huanza Zama za Kati pale utawala wa Roma ya Magharibi ulipoanguka mwaka 476, wakazifunga karibu na mwaka 1500. Ni mipaka ya Wazungu kwa mambo ya kwao, lakini karne hizo zilikuwa karne za kila mtu. Ndizo karne za Mali ya Sundiata, za Granada ya Waislamu, na za Kilwa.

Nianze na Eco, kwa sababu nina deni naye.

Alikuwa profesa wa chuo kikuu cha Bologna, mtu aliyezisoma Zama za Kati tangu ujana wake kabla hajafikiria kutunga hadithi. Riwaya yake inachukua siku saba za mwaka 1327. Mtawa Mfransisko, William wa Baskerville, anafika kwenye abasia ya Wabenediktini na mwanafunzi wake Adso kwa ajili ya mkutano mgumu: je, Yesu na mitume walimiliki mali? Kwetu linaweza kuonekana swali la darasa la dini. Mwaka ule lilikuwa swali la kuua, kwa sababu likijibiwa kwa namna moja, Papa aliyekaa Avignon na hazina yake anabaki bila hoja. Huku wakubwa wakijiandaa kubishana, watawa wanaanza kufa mmoja baada ya mwingine, na kila kifo kinarudi kwenye maktaba, jengo la vyumba vilivyopangwa kama mzingile ili asiyeruhusiwa apotee humo ndani.

Msomaji wa Kiswahili ana njia ya kuingilia kitabu hiki ambayo wengi wa Ulaya wa leo hawana. Sura zake hazina saa. Zimepangwa kwa nyakati za sala, kuanzia sala ya usiku wa manane, Masifu ya Asubuhi, mpaka Masifu ya Jioni na sala ya kabla ya kulala. Aliyewahi kulala usiku mmoja Peramiho, Ndanda au Hanga, kwenye abasia za Wabenediktini wa kusini mwa Tanzania, ameshasikia kengele ile ikikata siku vipande vipande. Na Mwislamu ambaye humwambia mwenzake "tukutane baada ya Alasiri" hahitaji kuelezwa kwamba siku inaweza kupimwa kwa ibada. Mandhari ambayo profesa wa Bologna alilazimika kuwajengea upya wasomaji wake, wewe unayo nyumbani.

Ugumu wa kurasa za mwanzo ni wa kweli, lakini haukuja kwa bahati mbaya. Eco alieleza baadaye kwamba marafiki na wahariri walimshauri azipunguze kurasa mia za kwanza, akakataa. Kwake, anayetaka kuishi siku saba ndani ya abasia sharti akubali mwendo wa abasia. Asiyekubali atabaki chini ya mlima. Mwenye penseli yule wa kwanza alibaki chini ya mlima. Nakusihi upande.

Huko juu utakutana na mtu ambaye ndiye sababu ya mimi kukiweka kitabu hiki mbele ya vingine. Ni msichana wa kijijini. Hupanda usiku kuingia jikoni mwa abasia, kwa sababu kule chini kuna njaa na huku juu kuna mabaki ya nyama, na yuko mtawa anayegawa mabaki hayo kwa bei anayoijua yeye. Adso, kijana ambaye hajawahi kumgusa mwanamke, anakutana naye gizani. Hawana lugha ya pamoja. Siku chache baadaye msichana anakamatwa na jogoo mweusi na paka mweusi, na hakimu wa Kanisa anayewinda wazushi, Bernard Gui, mtu aliyeishi kweli, anaona mbele yake mchawi. Adso anaona mtu mwenye njaa. Watawa wanajadili umaskini wa Kristo kwa Kilatini kizuri, na maskini mwenyewe amefungwa kamba uani. Filamu ya mwaka 1986, ile ya Sean Connery, ilimwonea huruma ikamwokoa. Kitabu hakimwokoi. Adso anapoandika kisa hiki ni mzee anayengoja kufa, na anakiri kwamba katika wanawake wote wa dunia ni huyo mmoja aliyempenda, na jina lake hakulijua kamwe.

Kama kurasa mia tano zinakutisha, anza na Barry Unsworth. *Morality Play*, iliyotoka mwaka 1995 na kufika kwenye orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker, haifiki hata nusu ya ukubwa huo na unaweza kuimaliza kwa Jumamosi moja. Uingereza, mwishoni mwa karne ya 14, majira ya baridi. Padri kijana aliyetoroka kituo chake anakuta njiani kundi la waigizaji limemzunguka mwenzao anayekata roho. Anachukua nafasi ya marehemu. Wanamkokota maiti mpaka mji wa karibu wamzike, fedha ya mazishi hawana, na mchezo wao wa Adamu na Hawa haujazi uwanja. Mjini hapo mtoto wa kiume ameuawa, na binti bubu wa mfumaji anangojea kunyongwa.

Kiongozi wa kundi anatoa wazo ambalo leo lingekuwa jambo la kawaida: tuigize mauaji haya. Wenzake wanaingiwa na hofu, na hofu yao ndiyo inayokueleza uko karne gani. Jukwaa lilikuwa mahali pa Mungu, shetani, Nuhu na mkewe mkaidi. Kumpandisha jukwaani mtoto aliyekufa wiki hii, mwenye jina, ambaye mama yake yumo kati ya watazamaji, hakuna aliyewahi kuona. Wanazunguka mitaani kuuliza watu ili wapate maneno ya kusema. Wakianza kucheza wanagundua kwamba kisa walichopewa na wakubwa hakichezeki: mwigizaji anasimama pale muuaji aliposimama, anajaribu kufanya alichodaiwa kufanya, na mwili wake unakataa, maana haikuwezekana hivyo. Uongo wa kesi unafichuka kwa miguu na mikono ya waigizaji, mbele ya umma. Aliyewahi kutazama jukwaa la mtaani likigusa jambo la mwenyekiti wa mtaa, akaona watu walivyonyamaza ghafla, ataelewa kwa nini niliposoma hapo nilisimama.

Sasa Sigrid Undset, na hapa nitakaa, kwa maana katika wote hawa ndiye mkubwa.

Alizaliwa mwaka 1882. Baba yake alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, alifariki binti akiwa na miaka 11, na fedha ya kumsomesha mpaka chuo haikuwapo. Sigrid akawa karani wa ofisi kwa miaka kumi, akiandika usiku. Kati ya mwaka 1920 na 1922 alitoa juzuu tatu za *Kristin Lavransdatter*, maisha ya mwanamke mmoja wa Norway katika karne ya 14 tangu utoto mpaka kifo. Mwaka 1928 akapewa tuzo ya Nobel, hasa kwa ajili ya uandishi wake wa maisha ya Kaskazini katika Zama za Kati.

Kisa chenyewe ukimsimulia bibi yeyote wa Moshi au Lamu atakuambia anamjua msichana huyo. Kristin ni binti wa Lavrans, mwenye shamba anayeheshimika, mcha Mungu, baba anayempenda mwanawe kupita kiasi. Amemchumbia Simon, kijana wa ukoo wa maana ambaye mashamba yake yanapakana na mipango ya baba, mtu mwema asiye na dosari. Kristin anapelekwa mjini kukaa kwa masista, na huko anampenda Erlend: mzuri wa sura, mwenye jina baya, aliyezaa na mke wa mtu. Anamtaka. Anamvunjia baba uchumba. Na siku ya harusi, baba ameshakubali kwa uchungu, ng'ombe wamechinjwa na wageni wametoka mbali, bibi harusi amevikwa taji zito la fedha iliyopakwa dhahabu, taji ambalo kwa mila ni la mwanamwali. Ana mimba. Hajui mtu ila yeye.

Undset haachi taji lile lipite kama pambo. Unalisikia uzito wake kichwani, unasikia kichefuchefu, joto la ukumbi, macho ya baba upande wa pili wa meza. Baadaye Kristin, peke yake na kwa miguu, atalibeba taji hilo pamoja na mwanawe mchanga milimani mpaka kanisa la Nidaros, mji unaoitwa leo Trondheim, alitoe liwe malipo ya dhambi. Lakini ukurasa ninaourudia ni wa usiku ule wa harusi. Wazazi wamebaki wawili. Lavrans ameshaelewa kilichofichwa, amenyamaza kwa maumivu, na mkewe Ragnfrid, mwanamke mkimya ambaye juzuu nzima tumemwona pembeni, anamfunulia jambo lake mwenyewe alilolibeba tangu kabla ya ndoa yao. Ghafla unatambua kwamba kitabu hiki kilikuwa pia cha mama, ila hukumtazama. Nilifunga kitabu nikakaa kimya. Nimemwazima mama mmoja, muuguzi mstaafu, akanirudishia baada ya wiki mbili akisema neno moja tu: "Huyu Ragnfrid."

Watu wengi wakiandika juu ya karne hizo huwafanya wanawake waasi wa leo waliovaa nguo za zamani. Undset hakufanya hivyo. Kristin anaamini kila anachokivunja. Anaamini ahadi ya baba ni ahadi ya ukoo, anaamini Mungu amemwona, na bado anamfuata Erlend, kisha analipa kwa miaka thelathini ya shamba linaloporomoka na watoto wa kiume anaowalea karibu peke yake. Sisi ambao mahari, mshenga na jina la ukoo bado vina uzito majumbani hatuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Juzuu ya tatu inafika mwaka 1349, tauni inapoingia Norway. Hapo Kristin ni mjane anayeishi na watawa wa kike, na usiku mmoja wanakijiji walioshikwa na hofu wanataka kumzika mtoto maskini akiwa hai ili tauni ikome. Anachokifanya usiku ule sitakitaja. Kitafute.

Angalizo moja la kukuokolea muda: tafsiri ya zamani ya Kiingereza imejaa maneno ya kizee ambayo Undset mwenyewe hakuyatumia. Tafuta ile ya Tiina Nunnally. Tofauti yake ni kama kusikia mtu akizungumza baada ya kumsikia akihutubia.

Wengine nitawapitia haraka. Ken Follett, *The Pillars of the Earth*, mwaka 1989, karibu kurasa elfu moja juu ya ujenzi wa kanisa kuu katika mji wa kubuni wa Kingsbridge, karne ya 12. Mwanzo wake una nguvu: fundi mwashi asiye na kazi, familia njiani wakati wa baridi, mke anajifungulia msituni. Juu ya mawe, majukwaa ya mafundi na namna dari la upinde linavyosimama, Follett anajua na anafundisha. Watu wake lakini wanawaza kama watu wa leo, na ukatili dhidi ya wanawake umezidi mahitaji ya hadithi. Safari ya basi ya Dar hadi Mwanza itaisha bila wewe kujua. Ellis Peters aliandika riwaya 20 za Mtawa Cadfael, kuanzia mwaka 1977: mpiganaji wa Msalaba aliyestaafu, sasa mtunza bustani ya dawa kwenye abasia ya Shrewsbury, anachunguza mauaji kwa utulivu. Ni vitabu vya upole, na mwenye kumpenda Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla atajisikia nyumbani. Ama Walter Scott na *Ivanhoe* yake, heshima yake ni ya aliyefungua njia. Simpendekezi kwa kuanzia.

Kutoka hapo tuingie Afrika, na sifanyi hivyo kwa ajili ya mizani. Kitabu cha Djibril Tamsir Niane, *Soundjata ou l'épopée mandingue*, cha mwaka 1960, kiko kati ya riwaya na utenzi: Niane, mwanahistoria wa Guinea, alikichukua kutoka kinywani mwa mghani Mamadou Kouyaté, akakiandika kwa nathari safi. Ni kisa cha Sundiata Keita, mwanzilishi wa dola ya Mali katika karne ya 13. Ni kifupi, mtoto wa sekondari anakimaliza. Na kwa kisa cha mfalme, kinaanzia mahali pasipotarajiwa. Mtoto amefika miaka saba hatembei. Mama yake, Sogolon, ameishiwa majani ya mbuyu ya kutia kwenye mboga, anakwenda kuomba kwa mke mwenzake. Anapewa na kusimangwa: mwanangu mimi ndiye anayenichumia, wako anatambaa. Sogolon anarudi akilia. Mtoto anamuuliza mama analilia nini, anaagiza fimbo ya chuma, anaikamata, anainuka, chuma kinapinda kama upinde, na anakwenda kung'oa mbuyu mzima na kuusimika mlangoni kwa mama yake, ili wengine waje kuomba kwake. Vita vya Kirina vinakuja baadaye, mwaka 1235. Dola ilianza na matusi ya jikoni.

Amin Maalouf, Mlebanoni anayeandika kwa Kifaransa, anatufikisha pale Zama za Kati zinapofunga mlango. *Léon l'Africain*, ya mwaka 1986, inasimulia maisha ya Hasan al-Wazzan, mtu wa kweli aliyezaliwa Granada, akakulia Fez baada ya familia kukimbia, akasafiri mpaka Timbuktu na Cairo, akatekwa baharini na maharamia mwaka 1518 na kutolewa zawadi kwa Papa Leo wa Kumi. Roma alibatizwa na kuandika kitabu cha maelezo ya Afrika ambacho Ulaya ilikitegemea kwa muda mrefu. Sura zimepangwa kwa miaka ya Hijria, kila mwaka na jina lake, kama wazee wetu wanavyosema mwaka wa njaa au mwaka wa mafuriko. Granada ilipoanguka mwaka 1492 Hasan alikuwa mtoto, kwa hiyo anayetusimulia kuanguka kwake ni mama, Salma, ambaye ndani ya mji uliozingirwa alikuwa na mzingiro wake mwingine: Warda, mjakazi Mkristo ambaye mume wa Salma amempenda. Majeshi yako nje ya ukuta na wivu uko ndani ya nyumba, na Maalouf anavipa uzito sawa. Wasomaji wenzetu wa Lubumbashi, Goma na Bujumbura wana bahati ya kuwasoma yeye na Niane kwa Kifaransa chenyewe. Sisi wa Dar na Mombasa tunatumia tafsiri za Kiingereza, nazo ni nzuri.

Kuna riwaya moja zaidi ambayo ningependa kuipendekeza, nayo ni ile ninayoingoja.

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, ukafika Husuni Kubwa juu ya ukingo wa bahari, utakuta birika la pembe nane la jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Unaweza kushuka ukasimama ndani yake, mawe ya matumbawe yamekuzunguka na upepo wa kusi unapita juu. Mtu aliyekuwa akijaza maji humo hakuachwa na jina. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa wakati wa sultani huyo, na katika kitabu cha safari zake alisimulia jambo aliloliona Ijumaa moja. Sultani anatoka msikitini. Fakiri kutoka Yemen anamsimamisha, anaomba nguo alizovaa. Sultani anarudi, anaingia nyumbani kwa khatibu, anabadili nguo na kumpa. Fakiri anazifunga kwenye kitambaa, anajitwisha, anaondoka, na watu wanamsifu sultani. Mwanawe, mrithi wa kiti, anazichukua nguo za baba na kumfidia fakiri kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi alivyosifiwa, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki kimekuwa kikisimuliwa karne saba kama sifa ya ukarimu wa Kilwa. Kila nikikisoma nawatafuta wale ishirini. Walikuwa wapi Ijumaa ile adhuhuri, jikoni, shambani, kisimani? Nani aliwachagua? Mwanamke gani aliitwa kutoka kwenye moto akaambiwa, wewe na huyu, twende, ni wa fakiri sasa? Walipanda jahazi lipi kwenda Yemen, na nani alibaki ufukweni?

Pwani yetu inajua kuhifadhi jina la mtu wa namna hiyo ikitaka. Katika kisa cha Fumo Liongo, shujaa na malenga wa Pate ambaye wataalamu bado wanabishana juu ya karne yake, Liongo yuko kifungoni na walinzi wanamlia chakula kizuri anacholetewa. Mama yake anaoka mkate wa wishwa, ndani ameficha tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa, wanamwachia mfungwa, na tupa inakata minyororo huku ngoma zikimeza sauti ya chuma. Aliyeubeba mkate ule mbele ya walinzi ni kijakazi, naye anaitwa Saada. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alipouandika utenzi wa Liongo mwaka 1913, kijakazi huyo alikuwa ameshavuka karne kwa midomo ya watu tu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mwandishi wa Kiswahili anayesoma gazeti hili asubuhi ya leo, hasa wewe ambaye una daftari tayari na hujui uanze na nini. Sultani ana magofu, ana sarafu zenye jina lake, ana msikiti, ana Ibn Battuta. Mwache. Twaa hao ishirini, chagua mmoja, mpe jina, na umweke jikoni Kilwa, Ijumaa, kabla ya adhana.